Godot kwa mwenye gemu moja kubwa na ndogo kadhaa pembeni

Naishi Malaba, upande wa Uganda, kwenye foleni ya malori ambapo Kiswahili ndicho kinachosukuma siku. Gemu yangu kubwa imetoka humo humo: dereva anachukua kontena mpakani, anapita Tororo, Bugiri na Iganga, anavuka Nile kwa lile daraja jipya la Jinja lenye mita 525, anaukata msitu wa Mabira, anashusha Kampala. Naijenga peke yangu na lori bado halijafika Mukono. Pembeni nina omweso (bao la Uganda), mchezo wa karata uitwao matatu, na gemu ya kukimbiza mbuzi ambayo watoto wa mtaani kwetu wanaipenda kuliko zote, jambo linaloniuma kidogo.

Zote nazitengenezea ndani ya Godot, injini ya kutengenezea gemu. Injini hii walianzisha Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na mwaka 2014 wakaiachia umma kwa leseni ya MIT. Hulipii kuitumia, na ukiuza gemu hakuna anayekudai asilimia. Tuliona Septemba 2023 Unity, wenye injini nyingine ya gemu, walipotangaza ada ya kila gemu inapopakuliwa na kusakinishwa. Wakaifuta mwaka uliofuata baada ya kelele. Gemu ndogo unaweza kuimaliza kabla masharti hayajageuka. Gemu ya miaka kadhaa haina bahati hiyo, kwa hiyo leseni niliipima kabla ya kitu kingine chochote.

Kwenye gemu ndogo, Godot sina la kuilaumu. Unaishusha kama faili la zipu, kwa Windows halifiki hata megabaiti 100, unalifungua na kuanza kazi. Kila mradi ni folda yake. Asubuhi nikichoka na lori, nafungua omweso na ndani ya muda mfupi nipo kwenye mashimo 32 na kete 64. Lugha yake, GDScript, inafanana na Python, na neno moja la await, yaani “subiri”, linatosha kuzifanya kete zidondoke moja moja badala ya kuhama zote kwa mpigo. Anayejua omweso anajua kwamba uhondo wote uko hapo: kete ya mwisho ikiangukia penye kete, unachota tena na kuendelea, na mchezaji lazima aone mkono unavyozunguka. Kompyuta yangu ni ya mitumba, nimeiwekea ule mfumo wa kuchora wa mashine dhaifu uitwao Compatibility, na haijalalamika.

Shida zinaanza pale gemu ndogo zinapotaka kulilisha lori. Sehemu ya kuhifadhi mchezo niliiandika kwa ajili ya karata, ikafanya kazi vizuri, nikaitaka kwenye lori. Godot haina kabati la pamoja: njia za faili za mradi huanzia res://, na res:// mwisho wake ni folda ya mradi huo huo. Unanakili. Kisha unarekebisha kosa upande mmoja, na upande wa pili linabaki. Dawa yangu ni Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi: skripti za kushirikiana zina hazina yake, nazo naziingiza kama submodule, yaani hazina ndani ya hazina, kwenye folda ya addons (nyongeza) ya kila mradi. Inafaa, ila ni kazi ya kujipangia mwenyewe, na anayeanza hataambiwa na mtu.

Jambo la pili ni matoleo. Toleo la 4.0 lilipotoka Machi 2023, majina mengi yanayotumika kwenye kodi yalibadilika: KinematicBody2D ikawa CharacterBody2D, yield ikawa await, Spatial ikawa Node3D. Gemu ya mbuzi unaihamisha ukinywa chai. Lori ni kilio. Siku hizi lori limefungwa kwenye toleo moja na haliguswi. Toleo jipya huonjwa na mbuzi kwanza. Matoleo mawili hukaa pamoja kwenye mashine moja bila ugomvi, lakini kila toleo linadai violezo vyake vya kutolea gemu (faili za kuigeuza gemu iwe programu kamili), na kwa matoleo ya karibuni hivyo ni kama gigabaiti nzima. Nunua bando la usiku.

Halafu kuna barabara yenyewe. Miti ya Mabira imekubali: MultiMesh inachora maelfu ya miti inayofanana kwa agizo moja. Urefu ndio umekataa. Godot ya kawaida hutunza mahali pa kitu kwa desimali fupi, zenye tarakimu chache, na ukiacha sifuri, yaani kitovu cha dunia ya gemu, kilomita nyingi nyuma, magurudumu yanaanza kutetemeka. Jirani yangu, dereva wa transiti, alijaribu akacheka: “Kijana, hili lori lina homa.” Unaweza kuijenga injini upya kwa desimali ndefu, lakini hapo violezo rasmi havitakufaa, utajijengea na hivyo. Nimechagua kuirudisha dunia nzima kwenye sifuri kila lori linaposonga mbali. Cha kutengenezea ardhi, milima na mabonde, pia hakimo ndani. Unategemea nyongeza za watu wengine.

Kwa hiyo nyota tano kwa gemu ndogo, tatu na nusu kwa kubwa ya namna yangu. Ukiwa na gemu kubwa ya karata au ya mafumbo, ongeza nyota.

Kuhusu kuuza, hesabu nazo zinatofautiana kwa ukubwa. Itch.io, duka la gemu la mtandaoni, hawadai kitu kuweka gemu, na asilimia yao unaichagua wewe, hata sifuri. Google Play ni dola 25 mara moja tu, ila akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa kuwa na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo, na hapo ndipo wale watoto wa gemu ya mbuzi walipolipa deni lao, kwa simu za wazazi wao. Steam, duka la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, zinarudi mauzo yakifika dola 1,000. Hizo nimeliwekea lori peke yake.