Bango la uongo, kadi ya kweli na projekta ya elfu 160: uzoefu wangu wa 31 Oktoba, Dodoma

Mimi ni mtu wa mapicha ya kutisha tangu enzi za kanda. Nimekulia Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, na shule yangu ya kwanza ya sinema ilikuwa kibanda umiza: mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia, televisheni moja, na watoto tunapumuliana visogoni. Mara nyingi mtoto wa kike nilikuwa peke yangu, na nimeshachapwa kwa hilo. Huko ndiko nilikojifunza kanuni ambayo kila Mtanzania wa rika langu anaijua: steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Ishikeni hiyo kanuni, tutaihitaji mbele.

Siku hizi nina mshahara na nyumba ya kupanga Nkuhungu, na kila wiki ya mwisho ya Oktoba naangalia za zamani, zile za nyeusi na nyeupe. Naanza na Nosferatu ya 1922, ambayo mjane wa Bram Stoker aliishtaki kwa kuiba hadithi ya Dracula. Mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe, ila bahati yetu nyingine zilikuwa zimeshatawanyika. Nafuatia Dracula ya 1931 ya Bela Lugosi, kisha Frankenstein ya mwaka huo huo, Boris Karloff na lile paji la uso kama kreti. Namalizia na Night of the Living Dead ya 1968, ile ya wafu wanaofufuka na kula watu. Halloween yenyewe hapa kwetu haina mpango. Hakuna mtoto atakayekugongea mlango usiku kuomba peremende, na akigonga mbwa ndio watakaomwitikia. Mama yangu tarehe hiyo anaijua kama mkesha wa Watakatifu Wote, basi.

Mwaka 2024 nikaamua kuifanya kiukubwa. Nikanunua bango, kadi na projekta. Naandika ili mwenye ugonjwa kama wangu asiliwe kama nilivyoliwa.

Bango nililiona mtandaoni kwa muuzaji wa Marekani: Night of the Living Dead, "la asili, 1968, limekunjwa", dola 60. Anayejua bei za vitu hivi ameshacheka. Na mimi nilikuwa najua, lakini tamaa haina macho. Kilichonimaliza ni ile mikunjo kwenye picha ya tangazo. Miaka ile mabango ya sinema ya Marekani yalikuwa yanakunjwa kabla ya kutumwa kwenye majumba ya sinema, mara tatu kwa upana na mara moja kwa urefu, kwa hiyo bango la zamani ukilifungua lina mistari kama khanga iliyokaa sandukuni. Kwa wakusanyaji mkunjo ni kama cheti cha kuzaliwa. Nikaiona mikunjo, nikalipa.

Mzigo ulichukua wiki tano kupitia wakala mmoja wa Dar (jina nabaki nalo), kisha basi hadi stendi ya Nane Nane. Hapo nikakutana na kero ya kwanza: wakala alinitoza kwa ujazo, si kwa uzito, kwa sababu bango lilikuja ndani ya bomba refu la kadibodi. Karatasi moja nyepesi nimeilipia kama tairi la bajaji. Ulizeni hilo kabla hamjaagiza chochote kirefu. Halafu jiulizeni na swali ambalo mimi sikujiuliza pale stendi nikiwa nimelibeba bomba langu kama rungu la Mgogo: bango lililokunjwa tangu 1968 linaviringishwa kwenye bomba kwa sababu gani, wakati lingeweza kulala kwenye bahasha ngumu likasafiri kwa bei ya barua?

Fundi wangu wa fremu yuko Majengo, karibu na soko. Mtu mzima, mkono wake wa kulia umekolea vanishi ambayo nadhani haitoki tena. Nikamtolea bango kwa mbwembwe, nikamwambia, "Fundi, hii kitu ina miaka hamsini na sita, tafadhali gundi isiiguse." Akalitandaza mezani, akaweka vipande vya mbao kwenye kona lisijiviringe. Akapitisha kiganja juu yake taratibu, kama mtu anayetafuta mchanga kwenye shuka. Akarudia. Akavua miwani.

"Dada, hii mikunjo naiona. Mbona siishiki?"

Nikaweka kidole. Ni kweli. Mstari uliochakaa upo, pale inapokutana mikunjo rangi imebanduka na weupe wa karatasi unachungulia, yote inaonekana vizuri kabisa, lakini karatasi yenyewe imenyooka, inateleza kama kioo. Mtu alichukua picha ya bango halisi lenye makunjo, akalichapa upya na makunjo yake yote. Fundi akavuta futi kamba. Bango la sinema la Marekani la wakati ule lilikuwa inchi 27 kwa 41. La kwangu likasoma 24 kwa 36, saizi ya yale ya kubandika chumbani.

Hakunicheka, na kwa hilo nitaendelea kumpelekea kazi hadi astaafu. Alisema tu, "Tulitengeneze hivyo hivyo?"

Nilipomwandikia muuzaji alijibu kwa adabu zote: rudisha bango, nikurudishie hela. Kulirudisha Marekani ni ghali kuliko bango. Baada ya wiki mbili za kubishana nikaambulia dola 25, nikaona niache nisije nikapata na presha.

Sasa, ndani ya mzigo ule ule kulikuwa na kitu nilichoagiza kwa muuzaji mwingine kama nyongeza tu, dola 14. Ni kadi ya ukumbini. Majumba ya sinema zamani yalikuwa yakiletewa seti ya kadi ngumu, kwa kawaida nane, inchi 11 kwa 14, kila moja na tukio lake kutoka kwenye filamu, zinabandikwa pale mlangoni ili mpita njia ashikwe na hamu. Yangu ni ya Blacula ya 1972. Kama hamjaiona, William Marshall ndiye mwanamfalme wa Kiafrika, Mamuwalde, anayekwenda kwa Dracula kumwomba msaada wa kukomesha biashara ya utumwa. Anaishia kung'atwa na kufungiwa jenezani. Mtu kaenda kwenye kikao cha heshima kabisa, ona alivyorudi.

Kadi ina matundu ya pini kwenye kona zote nne, na kona moja ina mawili yaliyokaribiana. Nyuma imegeuka rangi ya chai ya maziwa na inanuka kama kitabu cha maktaba ya shule. Fundi akaipima, 11 kwa 14 kamili, akaweka kidole kwenye yale matundu mawili. "Hii imeshawahi kufanya kazi," akasema. Nilitaka kumkumbatia. Nani ahangaike kughushi kitu cha dola 14? Waghushi wote wamejazana kwenye vitu vikubwa, kwa watu wenye tamaa kama zangu. Fremu yenye kioo ilinigharimu elfu 25, na kadi tumeishika kwa pembe za karatasi nyuma, bila gundi.

(Kabla hamjaniambia kwamba tuna za kwetu: nazijua. Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi nilizilalia na taa inawaka. Kava zake nazitafuta hadi leo, na kila ninayemuuliza anasema walitupa wakati wa kuhama nyumba. Mwenye nayo tuongee.)

Projekta ilikuwa ya dukani hapa mjini, ile midogo ya Kichina inayozunguka kwenye kigingi chake, shilingi 160,000. Idadi ya lumeni (kipimo cha mwanga) iliyoandikwa kwenye boksi isomeni kama hadithi za Abunuwasi. Kwa mpira haifai. Nilijaribu mechi ya jioni sebuleni, jezi nyekundu za Simba zikawa rangi ya maji ya ubuyu. Feni yake inalia kama friji ya mwenye genge, spika yake ni ya simu, nimeunganisha redio ya nje. Na vumbi letu la Dodoma limeshaingia: baada ya mwezi mmoja limetokea doa la kijivu kona ya juu kushoto, halifutiki kwa nje. Ukimaliza kuitumia ifunge kwenye mfuko wa nailoni, usiiache mezani.

Lakini kwa picha za zamani nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Weusi wake hautoki weusi, unatoka kijivu, na wanaoponda projekta hizi huanzia hapo. Mimi nasema filamu ya 1968 iliyopigwa kwa hela ya kuungaunga na vijana wa Pittsburgh ilikuwa ya kijivu tangu kuzaliwa. Hakuna rangi ya kupotea. Nyuso zinatoka na chengachenga kama taarifa ya habari ya zamani, na ndiyo inayotisha. Masharti ni mawili: picha isizidi upana wa mita mbili, na giza liwe giza. Tarehe 31 ile mwezi ulikuwa umeisha kabisa, hata mkono wako huuoni.

Night of the Living Dead niliionyesha uani, na nilianza kwa kutundika shuka kwenye kamba ya nguo. Upepo wa Oktoba ukaliingia, maiti wa kwanza akavimba tumbo, akapinda, akaja mbele; watoto wakakimbilia getini, na picha ilikuwa haijafika hata dakika kumi. Tukahamia ukuta wa stoo uliopakwa chokaa. Bango la uongo nilikuwa nimeliweka getini tangu mchana, kwa hiyo saa moja na nusu usiku tulikuwa na mikeka mitatu imejaa. Na kuionyesha sikuiba: walipobadilisha jina la filamu walisahau kuweka tamko la hakimiliki, tangu hapo ni mali ya umma.

Utafsiri nikaufanya mwenyewe, juu kwa juu, kama madijei wa kibandani. Hapo ndipo nilipokorofisha. Wale wafu nikawaita misukule. Baba mwenye nyumba, mzee wa Kigogo aliyekuja na kigoda chake, akanyoosha mkono kama yuko kwenye mkutano wa mtaa.

"Mjukuu wangu, msukule hali watu. Msukule analimishwa shamba."

Tukasimamisha picha. Mama Neema akamuunga mkono, akaongeza kwamba msukule hulishwa pumba. Ilibidi nibadilishe, wakawa "wafu" hadi mwisho. Kwenye nyama na damu nikawaambia watoto ile damu ni sharubati ya chokoleti, jambo ambalo ni kweli, wakatulia, mmoja akauliza kama imebaki.

Steringi walishamchagua wenyewe mapema: Duane Jones, mweusi mwenzetu, ndiye anayepigilia mbao madirishani wakati wengine wanalia. Usiku kucha wakampigia makofi. Ambaye hajaiona aishie hapa. Asubuhi waokoaji wanafika na bunduki, wanamwona kwa mbali dirishani, wanadhani ni mmoja wa wale wafu, wanampiga risasi ya kichwa.

Uani kimya. Feni ya projekta tu ndiyo inalia. Kisha kijana wa darasa la nne, kwa sauti ya mtu anayenisahihisha bila kunivunjia heshima:

"Anti, umeruka kipande. Steringi hafi."

Nikarudisha nyuma dakika tatu, tukaangalia wote. Akafa tena. Mama Neema akakunja mkeka wake, akasema mwakani nitafute picha ya maana.