Mashtaka ya Jinai au Madai ya Fidia: Ipi Humwajibisha Dereva Aliyemuua Mtembea kwa Miguu?
Swali hili huzuka kila familia ya marehemu inapomwona dereva akilipa faini na kurudi barabarani.

Kwa upande wa ushahidi, jinai ni ngumu zaidi, kwa kuwa kosa lazima lithibitishwe pasipo kuacha shaka ya maana, na mara nyingi shahidi muhimu kuliko wote ndiye aliyezikwa. Hivyo waendesha mashtaka huridhika na kosa dogo la uzembe, jambo ambalo mimi naliona kuwa dhuluma. Madai huamuliwa kwa uzito wa ushahidi tu. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya 1985 humfidia mtembea kwa miguu aliyejeruhiwa hata kama alikosea, isipokuwa kosa lake liwe lisilosameheka na chanzo pekee cha ajali.

Gharama za mashtaka hubebwa na serikali, ilhali madai huhitaji wakili.

Katika kuzuia makosa, jinai inashinda, maana fidia kwa kawaida hulipwa na bima. Mwaka 2022 Uingereza ilipandisha adhabu ya juu ya kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari kutoka miaka 14 hadi kifungo cha maisha, ingawa ukali huo haumgusi anayeshtakiwa kwa uzembe usiohusisha ulevi.

Mjane mwenye watoto wa kulea aanze na madai mapema, kabla ya muda wa kisheria kwisha. Anayetaka hatia itamkwe hadharani na leseni ifutwe hana budi kufuatilia jinai.