Seti ya kukarabati kabureta kwenye Land Rover Series III: uzoefu wangu na injini iliyokuwa ikigoma asubuhi

Gari langu ni Land Rover Series III ya petroli, injini ya silinda nne ya lita 2.25, kabureta moja yenye choki ya kuvuta kwa mkono. Mchana halikuwa na neno, ukigusa stata linawaka. Asubuhi ndipo kazi ilipokuwa: linazunguka mpaka betri inaanza kulegea, linashika kidogo, linakohoa kupitia kabureta, linazima. Nilinunua seti ya kukarabati kabureta, nikaifunga mwenyewe, na nimeendesha nayo vya kutosha kuweza kusema kwamba imefanya kazi. Ila si kila kilichomo kilifaa kufungwa kama kilivyotoka kwenye pakiti, na kuna upande wa tatizo ambao seti ya namna hii haiugusi kabisa.

Usikimbilie kuinunua kabla hujajua kama kweli ni kabureta. Anza na umeme. Betri iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.6, na stata inapovuta, volti hushuka, kwa hiyo cheche hudhoofika wakati uleule injini ya baridi inapoihitaji zaidi. Pima mwanya wa pointi (vile vibati viwili vidogo ndani ya distribyuta vinavyokata na kuunganisha umeme wa cheche), unatakiwa uwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Zangu zilikuwa sawa na cheche ilikuwa nzuri. Kisha nikafungua plagi mara tu baada ya kuzungusha injini: kavu kabisa. Plagi kavu ni habari njema kwa mchunguzi, maana zinakwambia petroli haiingii kwenye silinda. Zingelowa, ningejua injini imefurika, na dawa yake ni nyingine: rudisha choki yote, kanyaga mafuta mpaka chini na ushikilie hapo bila kupampu, halafu piga stata.

Hatua iliyofuata ni ile ninayoipenda kuliko zote. Pampu ya mafuta iliyo ubavuni mwa injini hii ina kijiti cha kupampu kwa mkono, na watu wengi wenye magari haya hawakigusi kabisa. Asubuhi, kabla ya ufunguo, kipampu. Kikiwa kizito mwanzoni kisha kikawa chepesi ghafla, maana yake bakuli la kabureta lilikuwa limepungua na sasa limejaa, boya limepanda na sindano imefunga njia. Kikiwa chepesi tangu mwanzo, usiamini upesi, huenda kemu, yaani kile kinundu cha shafti ya injini kinachoiendesha pampu, imeukandamiza mkono wa pampu kwa ndani. Zungusha injini kidogo ujaribu tena. Gari likiwaka vizuri baada ya hapo, angalia valvu za pampu au mahali petroli inapovuja, na uiache kabureta yako kwa amani. Langu lilijaa bakuli na bado likakohoa. Kwa hiyo petroli ilikuwepo, ila haikuwa ikitoka.

Nikatoa bomba la kichujio cha hewa nikachungulia kooni mwa kabureta. Mambo mawili yakaonekana. Choki ikiwa imevutwa mpaka mwisho, kibati chake hakikufunga, upande mmoja ulibaki mwanya wa kupitisha ncha ya bisibisi. Na nilipousukuma mkono wa mafuta, kamrija kadogo kanakotakiwa kurusha petroli kalitoa tone moja tu, likaning'inia, likaanguka. Kabureta nzima hapo hurusha mchirizi mwembamba ulionyooka.

Kwa injini ya baridi hilo ni jambo kubwa. Ikiwa na joto, petroli huungua vizuri kwa takriban sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, kwa uzito. Ikiwa ya baridi, petroli nyingi haigeuki mvuke, inabaki matone kwenye kuta za manifoldi (mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda), na kinachofika kwenye cheche ni kidogo mno. Choki huziba hewa ili mvuto uvute petroli kwa wingi. Lakini kwa mwendo wa stata mvuto wenyewe ni mdogo, ndiyo maana mwanya ule niliouona ulitosha kuuharibu wote.

Sasa seti yenyewe. Ndani kuna gasketi, oringi, sindano ya boya na kiti chake, diaframu, kikombe cha pistoni ya pampu ya kurushia, na washa. Hakuna boya, hakuna jeti (vile vitundu vya kupimia petroli). Kikombe cha pistoni peke yake kimenilipa. Cha zamani kilikuwa kigumu kama kucha, kipya ni laini na kinakaza vizuri kwenye tundu lake, na mchirizi ukarudi papo hapo. Sindano niliijaribu kwa kupindua mfuniko ili boya liikandamize, kisha kupuliza kwa mdomo kwenye njia ya kuingilia petroli. Haikupitisha pumzi. Kwa hivyo viwili, sifa zote.

Gasketi ndizo zilizonikera. Ya chini ya mfuniko ilikuwa na tundu dogo lililokatwa nusu tu, na njia hiyo ni ya petroli. Niliiona kwa sababu niliiweka juu ya ile ya zamani na kuinua zote kuelekea mwanga. Usitupe gasketi ya zamani kabla hujafanya hivyo, hata ikiwa imechanika vipande. Karatasi ya maelekezo nayo ni mchoro mmoja uliochapwa kwa ajili ya kabureta za aina kadhaa, haisemi kimo cha boya cha kabureta ipi. Kipimo hicho kitafute kwenye kitabu cha ufundi cha gari lako, usikikisie.

Tena karatasi hiyo haisemi lolote kuhusu mfuniko uliopinda. Joto la miaka mingi na skrubu zilizokazwa kupita kiasi huupinda, na gasketi mpya juu ya uso uliopinda haizibi kitu. Niliweka rula ya chuma kwa mshazari, mwanga ukapita katikati. Nikabandika msasa laini juu ya kioo, nikausugua mfuniko kwa mizunguko ya polepole mpaka alama zikaenea uso mzima. Jipe muda hapa, na ukimaliza osha vumbi lote kwenye vinjia kabla ya kufunga.

Choki yenyewe ilikuwa waya tu. Nililegeza kibano, nikafunga kibati kwa kidole, nikakaza tena huku kitufe cha choki ndani ya gari kikiwa kimebakiza nafasi kidogo, ili kibati kiwahi kufunga kabla kitufe hakijafika mwisho. Ni kazi ya bisibisi moja, na ningeifanya kwanza kwenye gari lolote lenye dalili hizi, kabla ya kununua chochote.

Asubuhi sasa navuta choki yote, nakanyaga mafuta mara moja na kuachia, napiga stata, linawaka. Linaposhika naisukuma choki nusu, na injini ikipata joto naisukuma mpaka ndani kabisa, maana ukiisahau plagi zinajaa masizi.

Kilichobaki ni sailensa, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, ambayo bado inayumba kidogo. Nilinyunyiza maji kuzunguka kabureta injini ikiwa inanguruma (petroli usiithubutu, ni moto huo), na mlio ulibadilika maji yalipofika kwenye ncha za shafti ya kibati cha chini, kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Tundu zake zimelika, hewa inapita pembeni. Hilo linataka kuchongewa bushi (vibomba vidogo vya kuishika shafti), si seti. Mwenye kabureta ambayo shafti yake inacheza ukiitikisa kwa vidole aanze na bushi, kisha ndipo anunue seti.