Kabla hujanunua Wasteland, pima kwanza kochi lako

Nimepigwa elfu sitini, ndiyo maana naandika. Mwezi wa tatu niliona tangazo la Wasteland 2: Director's Cut, gemu ya kuongoza kikosi cha askari jangwani baada ya vita vya nyuklia, ya PS4, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni hapa Dar. Kava la gemu limewekwa vizuri, kamoto ka emoji pembeni, halafu yale maneno yetu ya siku zote: bei inbox. Nikaenda inbox, nikatuma hela kwa simu, nikakaa kumsubiri bodaboda aniletee diski. Diski haikuja. Kilichokuja ni anwani ya barua pepe na neno la siri. "Ingia hapo sista, shusha gemu, ule raha." Nikashusha, nikala raha wiki mbili na nusu. Ya tatu nakuta kikufuli juu ya picha ya gemu. Mwenye akaunti kabadilisha neno la siri, muuzaji kanibloku.

Huyo nitarudi kwake. Kwanza niseme jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla sijatoa hela. Kila mahali utasoma habari za michoro, silaha, saa za kucheza, kama mapigano ni ya zamu (ndiyo, ni ya zamu). Hakuna anayekuuliza kochi lako liko umbali gani na televisheni.

Sebuleni kwetu Tabata kuna televisheni ya inchi 43, imetundikwa ukutani. Nilichukua futi ya mama ya kushonea, ile ya njano iliyofutika namba za mwanzo, nikapima kwa vipande kutoka ukutani hadi pale ninapoegemea. Mita tatu na sentimita ishirini. Kutoka hapo askari wangu jangwani nawaona, bunduki zao naziona, mdudu mkubwa anayekuja kunila namwona vizuri tu. Maneno siyaoni. Na Wasteland 2 ni maneno! Ukikagua mlango, kuna kisanduku kinakuandikia mlango huo ukoje. Ukikagua maiti, kinakuandikia. Ukizungumza na mtu, maneno muhimu anayotamka ndiyo unayoyachagua ili kuendelea kumhoji. Usiposoma utapita kila kitu kama basi la mwendokasi linavyopita kituo kisicho chake.

Mama alinikuta siku moja nimesimama hatua moja mbele ya televisheni, pedi mkononi, shingo imenyooka kama kuku anachungulia kisima.

"Wee mtoto, unatafuta nini humo?"

"Nasoma, mama."

"Si ungenunua kitabu."

Hii si bahati mbaya, ina asili yake. Wasteland 2 ilitoka tarehe 19 Septemba 2014 kwa watu wa kompyuta: Windows, Mac na Linux. Ya PS4 na Xbox One ilikuja mwaka uliofuata, Oktoba 2015, ndiyo hiyo iliyopewa jina la Director's Cut. Walirekebisha vitu vingi, wakaongeza sauti za waigizaji kwa maelfu ya mistari, lakini mwili wa gemu ni uleule: umetungwa kwa mtu aliyeinamia meza na skrini iko pua na mdomo.

Tena ukiangalia ilikotoka, kusoma kumo kwenye damu. Wasteland ya kwanza ni ya 1988, kampuni ya Interplay ilipoitengeneza na Electronic Arts kuiuza. Diski za wakati ule hazikuwa na nafasi ya kubeba hadithi yote, kwa hiyo ndani ya boksi kulikuwa na kijitabu cha karatasi. Gemu inakwambia, nenda kasome aya namba fulani, unaiweka pedi, sijui kibodi, chini, unafungua kijitabu, unasoma, unarudi. Na wakatia humo aya za uongo za kuwanasa wanaosoma mbele kabla hawajafika! Miaka karibu arobaini iliyopita, na yale ndiyo maandishi yaliyosomeka kuliko yote, kwa sababu unayasogeza unavyotaka.

Sasa thamani. Hapa lazima nieleze michango, maana Wasteland 2 ilitengenezwa kwa hela za kuchangishana, na wengi mmeniuliza gemu ya mchango inakuwaje na bei.

Brian Fargo, aliyeongoza Interplay zamani, alizunguka na wazo la Wasteland 2 kwa wachapishaji wa magemu, hawakulitaka. Basi Machi 2012, yeye na kampuni yake ya baadaye, inXile, wakafanya kama kamati ya harusi: wakaenda Kickstarter, tovuti ya kuchangisha hela, wakasema tunahitaji dola 900,000, nani anachanga. Zilitimia ndani ya siku mbili. Wakati dirisha linafungwa mwezi wa nne, watu 61,290 walikuwa wamechanga dola 2,933,252. Aliyetoa dola 15 alihesabiwa kapata gemu yake ya kushusha. Ukitaka zaidi, unachanga zaidi, kama kadi ya single na kadi ya double.

Harusi ilichelewa, kama zilivyo harusi. Walisema Oktoba 2013, ikasogea karibu mwaka. Katikati hapo, Desemba 2013, wakaiuza ikiwa bado haijaiva kwenye Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, kwa dola 60, watu wakapiga kelele: iweje kitu kibichi kiwe ghali kuliko kilichoiva? Maelezo yalikuwa kwamba kuna wachangiaji waliolipa zaidi ili waionje mapema, isingefaa mgeni wa mlangoni aingie kwa bei ya chini yao. Mimi, niliyewahi kuchanga double nikakalishwa meza moja na waliokuja bila kadi, nawaunga mkono kabisa. Ilipotoka kamili ikawa dola 40. Na Director's Cut ilipokuja, aliyekuwa na ya kompyuta alipewa bure. Hilo watu hawalisemi vya kutosha.

Basi, tupange.

Nafasi ya kwanza, na sibishani na mtu: Wasteland 2: Director's Cut kwenye kompyuta, iliyonunuliwa GOG, duka jingine la mtandaoni. Nasema GOG kwa kukusudia. Najua wengi mko Steam, mna marafiki huko, sawa. GOG wanakupa faili la kusakinisha gemu, lako, hakuna kufuli. Unalishusha, unaliweka kwenye diski ya nje, siku intaneti imekatika unacheza, siku umebadilisha laptopu unalisakinisha tena, na hakuna kijana wa inbox atakayebadilisha neno la siri la diski iliyomo kabatini kwako. Sijalipwa na mtu kusema hivi. Nimeungua mkono tu.

Tenga nafasi ya GB 30. Mimi niliishusha kwa usiku tatu, bando la usiku, simu imewekwa dirishani kwenye nondo ili ishike mtandao. RAM inayotakiwa kwa kuanzia ni GB 4, kwa hiyo hata laptopu ya kazini inaweza kujaribiwa (sijasema mimi). Usinunue kwa bei kamili. Hushuka mara kwa mara, na mimi niliipata kwa robo.

Na ukikaa nayo karibu, macho na skrini, ndipo unapojua kwa nini watu walichanga. Inaanza na mazishi. Askari mmoja wa kikosi cha Desert Rangers, anaitwa Ace, kauawa, na kikosi chako kipya cha watu wanne kinatumwa kumalizia kazi iliyomuua. Arizona, miaka mingi baada ya vita vya nyuklia. Kabla hujafika mbali redio inalia. Huku ni Highpool, wanakotegemea maji, wamevamiwa na majambazi. Kule ni Ag Center, wanakozalisha chakula, mimea imegeuka inaua watu. Wote wanaomba msaada kwa wakati mmoja na wewe ni mmoja. Ukichagua maji, redio haizimi. Unatembea kwenda Highpool na watu wa chakula wanaendelea kukuita, sauti zinapungua, wanakuuliza mko wapi. Nilienda Highpool. Niliweka laptopu chini nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kisha kuna ujuzi wa kugawia watu wako. Kufungua kufuli ni ujuzi mmoja, kufungua sefu ni mwingine, na upo ujuzi wa kutengeneza tosta, naapa. Tosta zimetapakaa jangwani na ndani yake mna vitu. Ukianza bila fundi tosta utajuta kimyakimya. Kiswahili hakimo kwenye lugha zake, kwa hiyo kama Kiingereza kinakusumbua, kaa na simu pembeni, piga picha kisanduku, programu ya tafsiri itakusaidia kiasi. Jaribu kufanya hivyo kutoka kwenye kochi.

Nafasi ya pili ni Wasteland 3. Nayo ni ya michango, safari hii kupitia Fig, tovuti nyingine ya michango, mwaka 2016, zaidi ya dola milioni tatu. Katikati ya utengenezaji Microsoft wakainunua inXile, Novemba 2018, na gemu ikatoka tarehe 28 Agosti 2020. Hii ni ya baridi: Colorado, theluji, na mtawala anayeitwa Patriarch anayekupa msaada kwa sharti ukawashughulikie watoto wake. Ya mtu mwenye kochi la mbali ni hii. Mazungumzo yote yana sauti, na wahusika wakubwa sura zao zinakuja mbele kabisa wanapoongea, unasikiliza kama unatazama tamthilia. Mama aliketi nayo nusu saa bila kunitania.

Mbona basi si ya kwanza? Kwa sababu imenyooshwa mno, imepigwa pasi. Wasteland 2 ina mikunjo. Pia kama kompyuta yako bado ina diski ya zamani ya kuzunguka, andaa chai. Kupakia eneo jipya kunachukua muda. Ukiinunua, chukua ile iitwayo Colorado Collection yenye nyongeza zote mbili ndani. Usinunue vipande vipande, utajikuta umelipa zaidi.

Ya tatu ni ileile Wasteland 2 ya PS4 au Xbox, kwa mwenye skrini ndogo mezani au mwenye kitanda kilichogusana na televisheni. Diski ya mtumba haina ubaya wowote. Ukimaliza unaiuza, unarudisha nusu ya hela. Ila iwe diski! Ishike, igeuze, iangalie mikwaruzo kwenye mwanga.

Za bei ndogo zipo. ATOM RPG, iliyochangiwa Kickstarter mwaka 2017, ni ya Muungano wa Kisovieti uliolipuliwa, na Wasteland ya kwanza ilirudishwa na sura mpya mwaka 2020. Zote nzuri kwa bei yake. Tuendelee.

Maana nataka kusema na hawa wauzaji. Kwa nini bei ni siri? Ninaenda sokoni, muuza nyanya mwenye meza moja na mwavuli kaandika bei kwenye kipande cha boksi. Wewe una simu ya milioni mbili, una mtu wa kukutengenezea matangazo, bei inbox. Nikija inbox unanitazama picha yangu ya wasifu ndipo unakadiria. Dada yangu na mimi tulimwuliza muuzaji mmoja gemu moja siku moja, dakika kumi mbali. Mimi nikaambiwa 60, yeye, aliyeweka picha ya mtoto, akaambiwa 45.

Na hii ya akaunti iachwe kuitwa gemu. Unachouziwa ni ruhusa ya kuingia nyumba ya mtu ambaye hamjuani, na funguo kapewa mwingine na mwingine. Ukiulizia diski unajibiwa "diski zimepitwa, siku hizi ni dijitali." Dijitali ni mimi kulipa kwa kadi yangu ya mtandaoni, kwa jina langu, risiti ikaja kwenye barua pepe yangu. Ndiyo, dukani bei ni za dola, na makato ya kubadilisha yanauma. Nilipolipia yangu GOG nilikatwa zaidi ya nilivyopiga hesabu. Bado ilitoka chini ya nusu ya ile sitini niliyomtupia kijana wa watu.

Juzi nimeliona tena kava lile lile, kamoto kale kale, ukurasa una jina jipya. Chini yake kuna kaka kauliza, "Ni diski au akaunti?"

Kajibiwa: inbox.