Gurudumu la hamsta: nimejaribu matatu, limebaki moja

Habari za usiku, wapendwa. Wa siku zote asanteni kwa kurudi, wageni karibuni sana. Hapa Hamburg ni saa nne kasorobo usiku, na nimechagua saa hii makusudi, kwa sababu mwenye mada, hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, bado amelala na muda si mrefu ataamka.

Swali mnaloniuliza sana ni hili: "Dada, hamsta wetu hataki mazoezi, tumfanyeje?" Na mimi nilikuwa nauliza hivyo hivyo. Huyu wetu anaitwa Karanga, ni hamsta wa Syria, yule mkubwa mwenye manyoya ya dhahabu, mali ya binti yangu. Wiki mbili za kwanza alikuwa anapanda gurudumu lililokuja na kizimba, anazunguka mara tatu nne, anashuka, kisha anatafuna nondo za kizimba mpaka alfajiri. Tukasema mvivu. Tulimwonea.

Gurudumu lenyewe hili hapa, nalisogeza karibu na kamera. Naweka rula: sentimita 17 toka ukingo huu hadi huu. Karanga akijinyoosha anakaribia 15. Mwili wa urefu huo ukiuingiza kwenye duara hili, mgongo utakwenda wapi? Unapinda kinyume, kichwa kinanyanyuka kana kwamba anakimbia huku anatazama dari. Halafu oneni pa kukanyagia: vijiti vitupu, katikati wazi. Mguu wa hamsta ni mwembamba mno. Ukichomoka hapa katikati wakati gurudumu linazunguka, unaweza kuvunjika. Hili silipi hata nyota moja, na kama mnalo nyumbani naomba mlitoe leo.

La pili ni mpira wa plastiki, ule wa kumfungia mnyama ndani azunguke sebuleni. Nilinunua kwa moyo mweupe. Nilimtia Karanga mara moja tu. Alikwenda mbio, akagonga mguu wa meza, akageuka, akagonga kabati, na binti yangu akafurahi kwamba anacheza. Mimi nikainama nikamtazama karibu: masikio ameyalaza nyuma, ndani kumejaa mvuke. Hamsta haoni vizuri, dunia yake anaijua kwa pua na kwa sharubu, na humo ndani hanusi chochote ila harufu yake mwenyewe. Akichoka hawezi kushuka. Kucha zinanasa kwenye matundu ya hewa. Kule kukimbia kulikuwa kutafuta njia ya kutoka. Madaktari wengi wa wanyama hapa Ujerumani wanaukataa mpira huu, nami nimekubaliana nao.

Sasa hili la tatu. Ni la mbao, kipenyo sentimita 30, na kwa hamsta wa Syria msishuke chini ya 28. Wale wadogo, hamsta kibeti, 20 zinatosha. Nyuma limezibwa, mbele liko wazi kabisa, hakuna nguzo inayokatiza mbele ikamkata mnyama kama mkasi. Ndani wamebandika koki, yaani gome laini la kutengenezea vizibo vya chupa, napitisha kidole hivi, haitelezi. Sikilizeni nikilisukuma... Mmesikia kitu? Hakuna. Lina beringi, na kizimba kipo chumbani kwa mtoto anayeamka saa kumi na mbili kwenda shule, kwa hiyo ukimya huo kwangu una thamani. Nimetoa euro 27.

Kasoro zipo. Hamsta hukojoa huku anakimbia, na mbao zinanyonya. Nililipaka vanishi ya maji, ile iliyo salama kwa midoli ya watoto, mara mbili, nikaliacha siku kadhaa hadi harufu ikaisha. Pili, kitako chake ni chepesi. Karanga alichimba chini yake, gurudumu likainama, likagoma kuzunguka. Nimeliweka juu ya jukwaa lenye miguu inayofika sakafuni mwa kizimba, sasa achimbe atakavyo.

Kuna mtazamaji aliniuliza kama gurudumu si mateso, mnyama kuzunguka bila kufika popote. Swali zuri. Mwaka 2014 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walichapisha matokeo yao baada ya kuweka magurudumu nje kabisa, porini. Panya mwitu walikuja wenyewe, wakapanda, wakakimbia, wakaondoka, na wengine wakarudi. Hakuna aliyewalazimisha.

Lakini gurudumu peke yake halitoshi, na hapa ndipo nataka mnisikilize. Watafiti wa Bern, Uswisi, mwaka 2006 waliwapa hamsta maranda ya kina tofauti. Waliopewa maranda machache walitafuna nondo zaidi na kukimbia kwenye gurudumu zaidi. Maana yake kukimbia sana si lazima iwe furaha. Mnyama huyu kwao ni mchimbaji, anaishi shimoni. Ndiyo maana Karanga sasa ana maranda ya kina cha sentimita 30 na kizimba cha mita moja kwa nusu mita, kipimo cha chini kabisa kinachoshauriwa hapa na TVT, chama cha madaktari wa wanyama kinachotetea ustawi wao.

Na bakuli la chakula nimeliondoa. Nakinyunyiza chote kizimbani, alizeti, mtama, shayiri, akitafute. Mama yangu alipojua nafuga hamsta alisema, "Mwanangu, panya ndani ya nyumba?" Nikamkumbusha panya buku wa Morogoro, wanaonusa mabomu ya ardhini kwa kutunzwa kipande cha ndizi. Chakula ndicho kinachomnyanyua mnyama, hakuna haja ya kumsukuma. Na msimwamshe mchana akimbie, huo ndio usiku wake.

Subirini. Maranda yanatikisika pale kona. Ndiye huyo. Anaosha uso kwanza... anapita mbegu hii, hapana, ameirudia, ameitia shavuni. Shavu la kulia limeshajaa. Anapanda sasa. Tazameni mgongo ulivyonyooka, toka shingoni mpaka mkiani. Nazima taa ya kamera, mwanga unamkera. Usiku mwema.