Meissen: usiishie dukani, ingia karakana

Jamani kama uko Ujerumani na una nusu siku karibu na Dresden, nenda mji wa Meissen ukaone kauri (porcelain) inavyotengenezwa. Kwenye karakana ya maonyesho mafundi wanafanya kazi mbele yako, mmoja yuko kwenye gurudumu, mwingine anagandisha vipande vya sanamu kwa uji wa udongo uleule, yaani vidole vya sanamu vidogooo kama punje za mchele. Ila kwa mchoraji ndo mi niliganda. Anapaka kobalti, madini yanayotoa rangi ya bluu, kwenye chombo kilichochomwa mara moja tu, kinanyonya rangi hapohapo, ukikosea mstari hakuna kufuta, na bluu yenyewe hata huioni bado mpaka kipakwe gleizi, ule utando unaong'aa kama kioo, kirudi kwenye moto wa nyuzi kama 1400, na humo tanurini kinasinyaa karibu moja ya sita!

Historia nayo vituko tupu. Jamaa mmoja, Böttger, alijidai anajua kutengeneza dhahabu, mfalme August, mtawala wa eneo hilo, akamfungia, akawekwa na msomi Tschirnhaus wafanye majaribio, dhahabu hola ila 1708 ikatoka kauri nyeupe, siri ni kaolini, yaani udongo mweupe, na joto kali. 1710 kiwanda kikawekwa juu kwenye ngome ya Albrechtsburg ili siri isitoke, wapi bwana, kabla ya 1720 mafundi walishatoroka nayo hadi Vienna.

Dukani geuza kikombe utafute panga mbili za bluu, ndo nembo. Bei weee, za kifalme kwelikweli. Nyota 5, ila mwenye watoto watundu awashike mikono.