hdparm na sekta zilizofichwa: inafaa sana, ila chunga namba unayoandika

Diski ya GB 500 huwa na sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) 976,773,168. Windows ikikuonyesha pungufu ya hapo, usipoteze muda na Disk Management wala diskpart, zana za Windows za kusimamia diski. Zote mbili huiuliza diski ukubwa wake na kuliamini jibu, na hapa diski yenyewe ndiyo inayoficha. Eneo hilo lililofichwa ni HPA (Host Protected Area), lililoingizwa mwaka 1998 kwenye ATA-4, kiwango cha mawasiliano kati ya kompyuta na diski. ThinkPad za zamani za IBM zilihifadhi humo programu za kurejesha mfumo.

Kwa kazi hii hdparm, programu ya bure ya Linux iliyoandikwa na Mark Lord, ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Andika `sudo hdparm -N /dev/sda` (/dev/sda ni jina la diski kwenye Linux), nayo inajibu kwa mstari mmoja:

`max sectors = 976771055/976773168, HPA is enabled`

Namba ya kwanza ni kile mfumo unachoruhusiwa kukiona, ya pili ni diski nzima. Tofauti ni sekta 2,113, yaani MB 1 na kidogo. Zipo BIOS (programu ya ubao mama inayowasha kompyuta) zinazojikatia kipande kama hicho kuweka nakala yao bila kumuuliza mwenye diski. MB 1 inaonekana si kitu, lakini imekatwa mwishoni, na sekta 33 za mwisho ndimo GPT, jedwali la patisheni (sehemu) za diski, inamoweka nakala yake ya akiba. RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) ya mdadm, zana ya Linux, yenye metadata 1.0 nayo huandika taarifa zake huko huko mwishoni, kwa hiyo safu nzima inaweza kukataa kuwaka.

Linux inalishughulikia jambo hili vizuri kuliko Windows. Kwa kawaida keneli, kiini cha Linux, huheshimu mkato, lakini ikikuta patisheni imevuka mwisho wa diski, huifungua iliyobaki na kuandika "enabling native capacity" kwenye dmesg, orodha ya ujumbe wa keneli. Ukitaka ifungue kila mara, ongeza `libata.ignore_hpa=1` kwenye mstari wa kuwashia.

Kuondoa HPA moja kwa moja: chomeka diski kwenye tundu la SATA la kompyuta, kwa sababu adapta nyingi za USB hazipitishi amri hizi. Washa Linux kutoka flashi, hakikisha hakuna patisheni ya diski hiyo iliyofunguliwa, kisha:

`sudo hdparm -N p976773168 /dev/sda`

Herufi p ndiyo inayofanya badiliko lidumu. Bila hiyo, mkato unarudi ukizima mashine. Namba ni idadi ya sekta, si anwani ya sekta ya mwisho. Ukiandika 976773167 umeficha sekta moja, tena ile yenye kichwa cha akiba cha GPT. Bahati nzuri, ukijaribu kupunguza ukubwa hdparm inagoma mpaka uongeze `--yes-i-know-what-i-am-doing`.

Ikishindwa, rudia. Kazi hii ni amri mbili zinazopaswa kufuatana, na keneli inaweza kuchomeka nyingine katikati. Badiliko la kudumu huruhusiwa mara moja tu kila diski inapowashwa, kwa hiyo kabla ya jaribio la pili zima kabisa. Kuanzisha mfumo upya bila kukata umeme si lazima kutoshe. Ikiendelea kukataa, huenda BIOS imeifunga, basi hamishia diski kwenye mashine nyingine.

Kama GPT iliandikwa wakati diski imekatwa, malizia na `sgdisk -e /dev/sda` ili nakala ya akiba ihamie mwisho halisi. Kama iliandikwa kabla ya mkato, nakala yake imo kwenye eneo ulilolifungua. Usiguse kitu.

Anayeuza au kununua diski za mtumba afanye ukaguzi huu kabla ya kufuta. dd, amri ya Linux inayotumika kufuta diski nzima, haifiki kwenye HPA, na data ya mwenye diski wa kwanza hubaki humo.

Kasoro zipo. "HPA is disabled" haimaanishi hakuna kilichofichwa, kwani mkato mwingine, DCO (Device Configuration Overlay), hukaa chini zaidi na hupunguza hata ile namba ya pili. Linganisha na LBA (idadi ya sekta) iliyochapwa kwenye lebo ya diski, kisha tumia `sudo hdparm --dco-identify /dev/sda`. Na DCO hairudishwi kabla HPA haijaondolewa. Namba ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, dereva au adapta imesoma vibaya, usiandike chochote. Na kwa NVMe, aina ya SSD isiyotumia amri za ATA, hdparm haikusaidii kabisa.